Anna Deavere Smith: mtu mmoja jukwaani, sauti za watu wengi. Kazi yake inafanywaje, na tunaifanyaje hapa Dodoma?

Nkuhungu_Sanaa:

Wakuu, habari za leo.

Sisi ni kikundi kidogo cha sanaa za jukwaani hapa Dodoma mjini, watu 5. Tunaandaa onyesho la mtu mmoja, la dakika 40 hivi, litakalotokana na maneno halisi ya wakulima na wafugaji wa upande wa Kongwa na Kiteto: malisho, njia za mifugo, mashamba kuliwa, mipaka ya vijiji. Hatutaki igizo la kutunga ambalo dakika ya 5 tu mtazamaji ameshajua nani mbaya na nani mwema.

Tumeelekezwa tumsome Anna Deavere Smith, yule Mmarekani anayehoji watu kisha anapanda jukwaani peke yake na kuwa wote kwa zamu. Tukimtafuta mitandaoni tunakuta zaidi habari za televisheni. Naomba anayemfahamu atueleze alifikaje hapo, na kazi yenyewe inakwendaje: anauliza nini, anachagua nini, anakariri vipi. Na waliozungumza Kigogo au Kimaasai tuwafanyeje, ikiwa watazamaji wengi ni wa Kiswahili? Mwenye kujua vibali na ridhaa za wahojiwa naye asisite. Ahsanteni.

mwl_tamthilia:

Karibu sana. Nitaanza na maisha yake, maana namna anavyofanya kazi imetoka hukohuko.

Alizaliwa Baltimore, jimbo la Maryland, tarehe 18 Septemba 1950, wa kwanza katika watoto watano. Mama yake alikuwa mwalimu, akafikia kuwa mkuu wa shule ya msingi. Baba yake alifanya biashara ya kahawa. Alisoma Beaver College huko Pennsylvania (siku hizi ni Arcadia University), akamaliza mwaka 1971, kisha akaenda San Francisco kusomea uigizaji kwenye American Conservatory Theater hadi shahada ya uzamili.

Mafunzo ya uigizaji ya Marekani ya wakati ule yalimtaka mwigizaji aanzie ndani yake: ukumbuke uchungu wako, umvishe mhusika. Smith aliona kwamba kwa njia hiyo kila mhusika anaishia kuwa mwigizaji mwenyewe aliyebadilisha nguo. Akageuza mwelekeo. Anza na mtu wa nje, shika maneno yake yalivyotoka, uyarudie mpaka mwili wako uanze kukaa kama wake. Husimulia mara nyingi kwamba babu yake alimwambia utotoni kuwa neno ukilisema mara nyingi vya kutosha, linakuwa wewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanzisha mradi alioupa jina On the Road: A Search for American Character. Utaratibu ulikuwa rahisi: anamwendea mtu mtaani New York, anamwambia namjua mwigizaji anayefanana na wewe, nipe saa moja ya mazungumzo, nami nitakualika uje ujione ukiigizwa. Kwanza aliwagawia waigizaji wengine maneno hayo, baadaye akawabeba wahusika wote mwenyewe. Kwa karibu miaka 10 alifanya maonyesho ya namna hii vyuoni na kwenye mikutano iliyomwalika, huku akiishi kwa kufundisha. Amefundisha Carnegie Mellon, Stanford, kisha New York University. Hili la kufundisha msilipuuze. Ndilo lililompa muda wa kukosea bila kulala njaa.

Jina lake lilipaa na Fires in the Mirror. Tarehe 19 Agosti 1991, mtaa wa Crown Heights, Brooklyn, gari la msafara wa Rabi Menachem Schneerson, kiongozi wa Wayahudi wa dhehebu la Lubavitch, liliacha njia likamuua Gavin Cato, mtoto wa miaka 7 wa wahamiaji kutoka Guyana. Saa chache baadaye Yankel Rosenbaum, mwanafunzi Myahudi kutoka Australia, alichomwa kisu na kundi la vijana Weusi, akafa. Ghasia zikadumu siku kadhaa. Smith aliingia mtaani mwaka huohuo akiwa na kinasa sauti, na mwezi Mei 1992 onyesho likafunguliwa Public Theater, New York. Mwaka 1993 likafika fainali ya tuzo ya Pulitzer.

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya mwanzo wa onyesho haigusi ajali wala mauaji. Inaanza na mshairi Ntozake Shange akizungumzia utambulisho, inapita kwenye nywele, kwenye vioo, kwenye mdundo. Yumo mama mmoja wa Kilubavitch asiyetajwa jina, anayesimulia jinsi redio ilivyobaki ikipiga kelele nyumbani siku ya Sabato. Sheria ya dini yao haiwaruhusu kuizima wenyewe, ikabidi watoke nje wamtafute mtoto wa jirani, Mweusi, aje aizime. Ni kisa cha dakika chache, watu hucheka. Lakini yule mtazamaji ambaye hajawahi kufika Crown Heights ameshaona watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, wanahitajiana, na hawajuani. Damu inakuja baadaye, na inapokuja mtazamaji hana tena mahali rahisi pa kusimama. Anayefunga ni Carmel Cato, baba wa marehemu Gavin, ambaye katikati ya msiba wake anaingiza habari kwamba yeye alizaliwa akitanguliza miguu. Hakuna mwandishi wa kutunga angethubutu kuweka sentensi hiyo pale.

Iliyofuata ni Twilight: Los Angeles, 1992, kuhusu machafuko yaliyoanza tarehe 29 Aprili 1992 baada ya mahakama kutowatia hatiani polisi waliompiga Rodney King, dereva Mweusi. Gordon Davidson wa ukumbi wa Mark Taper Forum ndiye aliyemwagiza kazi hiyo, ikafunguliwa Los Angeles mwaka 1993 chini ya mwongozaji Emily Mann, ikafika Broadway mwaka 1994 ikiongozwa na George C. Wolfe na kuteuliwa mara mbili kwenye tuzo za Tony. Safari hii kwenye Pulitzer majaji wenyewe waliikataa: waliona haistahili kushindana kwa kuwa maneno hayakubuniwa, yalitoka kwenye mahojiano. Kwa maoni yangu walikosea. Kuchagua dakika 4 kati ya saa nzima, na kuamua nani amfuate nani, ni uandishi kamili.

Mwaka 1996 alipata ruzuku ya MacArthur. Mwaka 1997 alijaribu House Arrest, kuhusu urais na vyombo vya habari, kwa kundi la waigizaji pale Arena Stage, Washington. Haikusimama vizuri, akaiandika upya, na New York mwaka 2000 akaicheza mwenyewe. Kisha Let Me Down Easy (2008), kuhusu mwili, maradhi na kifo, ambayo kwa ajili yake alisafiri hadi Rwanda, Uganda na Afrika Kusini. Kisha Notes from the Field (2015), kuhusu watoto wanaotoka shuleni na kuishia gerezani, iliyorekodiwa na HBO mwaka 2018. Nishani ya taifa ya taaluma za utu alivishwa na Rais Obama mwaka 2013. Televisheni mliyoikuta, yaani The West Wing na Nurse Jackie, ni kweli ameicheza miaka mingi, ila kazi aliyoianzisha yeye ni hii ya jukwaani.

sauti_na_kinasa:

Mwalimu ameshafungua njia, mimi nije kwenye vitendo.

Maswali kwanza. Smith husimulia kwamba mtaalamu mmoja wa lugha alimpa maswali matatu ya kumtoa mtu kwenye maneno yake ya kawaida: umewahi kukaribia kufa? Umewahi kusingiziwa jambo ambalo hukulifanya? Unajua mazingira ya kuzaliwa kwako? Hatafuti jibu la swali. Anatafuta ile sekunde ambayo sarufi ya mtu inakatika: anarudia neno, anaanza sentensi mara tatu, ananyamaza, halafu anasema kitu ambacho hakukipanga. Hapo ndipo anapokata kipande chake.

Kwa Kongwa na Kiteto yapangeni upya. La kuzaliwa lianze, tena kwa kuulizia jina: jina hili ulipewa kwa sababu gani? Kwa Wagogo majina mengi yanabeba msimu au tukio, na wazee hulijibu kwa furaha. La kifo liwe mwisho, baada ya dakika 40 au zaidi, na kwa mtu aliyefiwa katika mgogoro msiliulize kabisa, mwacheni afike mwenyewe. La kusingiziwa ni la moto. Kama ana kesi mahakamani, jibu lake linaweza kuwa ushahidi. Mtu akianza kutaja kesi inayoendelea au majina ya watuhumiwa, simamisha kinasa mbele ya macho yake.

Kurekodi. Simu ya kawaida inatosha, ila isirekodi kwa mfumo wa kubana sauti. Tafuteni programu inayorekodi WAV, chaneli moja, kHz 44.1, biti 16. Inakula kama MB 5 kwa dakika, yaani karibu MB 320 kwa saa, hivyo kadi ya GB 32 inabeba mahojiano yenu yote na nafasi inabaki. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana ikiita katikati faili hukatika. Iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza ya mbao tupu ambayo kila kidole kikigonga kinasikika kama nyundo. Simu ya pili irekodi pembeni kama akiba.

Adui wa huku kwetu ni upepo. Miezi ya Juni hadi Septemba wakulima wameshavuna na wana nafasi ya kukaa, lakini ndio wakati upepo wa Dodoma unavuma kutwa. Chini ya mti panapendeza kwa macho, kwenye kinasa ni mngurumo mtupu. Ingieni ndani, na kama ni nyumba ya bati nendeni asubuhi kabla ya saa 4, kwa sababu jua likipanda bati linatanuka na kugonga. Kama lazima iwe nje, fungia maiki sponji nene na mhojiwa akae akiupa upepo mgongo. Jaribu dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo muanze.

Kuandika kutoka kwenye sauti. Saa moja ya mazungumzo inachukua saa 5 hadi 8 kuiandika vizuri. Andikeni kila kitu: "eeh", "yaani yaani", kikohozi, kucheka, kimya na urefu wake kwa sekunde. Msinyooshe Kiswahili cha mtu. Akisema "ng'ombe zimeingia" yaandikwe hivyohivyo. Smith huchapa maneno kwa mistari mifupi kama shairi, mstari unakatika pale pumzi ya msemaji inapokatika. Si pambo, ni ramani ya pumzi kwa mwigizaji. Mfano wa kubuni:

Mimi shamba langu
(kimya, 3)
mimi sikuona ng'ombe.
Niliona...
asubuhi niliona udongo tu. Udongo.

Mkiandika hayo kama aya moja iliyonyooka, mwigizaji ataisoma kwa pumzi moja na mtu mwenyewe atakuwa amepotea.

Kukariri. Msianze na karatasi, anzeni na sikio. Mwigizaji avae spika za masikioni, asikie kirai, asimamishe, arudie, mpaka dakika nzima iende bila kusimama, kisha aseme sambamba na sauti. Kipande cha dakika 4 kipeni wiki 2 za kila siku. Kipimo chepesi cha kuona kama mmefika: mrekodini mwigizaji na mlinganishe muda. Sauti ya asili ni dakika 3 na sekunde 10, yenu dakika 2 na nusu? Amekimbia juu ya vimya, na kwa kawaida ndivyo vilivyobeba jambo.

Wapo Waingereza wanaocheza wakiwa na spika masikioni hadi jukwaani, hasa Alecky Blythe. Alijifunza kwa mwongozaji Mark Wing-Davey, naye alikuwa ameichukua kwa Smith. Smith mwenyewe hukariri, masikio wazi. Kwenu nashauri mkariri pia: chaji ikiisha katikati ya onyesho hamna pa kushika.

Mama_Kibaigwa:

Nimesoma yote kwa makini. Wanangu, mbinu ni nzuri, ila huwezi kushuka tu Kongwa na simu mkononi.

Anzeni na barua ya utambulisho ya kikundi kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mwenyekiti, na kwa upande wa Wamaasai mfikeni laigwanani, yaani kiongozi wao wa jadi, kabla hamjamgusa kijana wake. Wakiruhusu, waombeni kwa heshima wasikae ndani wakati wa mazungumzo. Mtu akiwa mbele ya mwenyekiti atatoa hotuba ya mkutano wa hadhara, na hotuba haina kazi jukwaani. Siku moja msihoji pande zote mbili kwa gari moja. Mkionekana mmeshuka boma la mfugaji mkaingia moja kwa moja kwa mkulima, nyote mtahesabiwa wapelelezi wa upande wa pili.

Fedha. Watu wa huku wamezoea posho ya semina, wataulizia. Msinunue maneno. Toeni nauli na chakula cha mchana, kiwango kimoja kwa kila mtu, mkulima kwa mfugaji, na kitajwe kabla ya kuanza. Ukimwongezea aliyeongea vizuri, kesho kutwa kila mtu anaongea "vizuri".

Ridhaa iwe ya hatua mbili. Ya kwanza kabla ya kurekodi: jina na kazi ya kikundi, sauti itatumikaje, itasikilizwa na nani, na kwamba anaweza kujitoa. Kwa asiyesoma, isomeni kwa lugha yake na akubali kwa sauti ndani ya rekodi. Ya pili ni baada ya kuchagua kipande: rudini mumsikilizishe au mumwigizie palepale kwake. Hapo ndipo wengine husema jina langu liondoeni, na lazima liondoke. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sauti na jina la mtu ni taarifa zake. Rekodi zikae kwenye diski moja yenye nywila, zisizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp ya kikundi.

Vibali vya onyesho: kikundi kiwe kimesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na mpitie kwa afisa utamaduni wa halmashauri husika mapema, si wiki ya onyesho. Kama kazi inapitia chuo kama utafiti, ulizeni chuoni taratibu zao kabla ya kwenda kijijini.

Na lugha. Msitafsiri kila kitu. Kwenye Twilight yapo maneno ya Kihispania na Kikorea yaliyoachwa kama yalivyosemwa. Mzee akisimulia kwa Kigogo, sentensi 3 au 4 za mwanzo ziwe za Kigogo chake, mtazamaji asikie mwendo wa sauti. Kisha mwigizaji ahamie Kiswahili akibaki na mwendo uleule, vimya vilevile. Tafsiri ifanywe na mzawa wa lugha, na mtu wa pili ambaye hajaona maandishi ya kwanza asikilize sauti na kulinganisha. Mnakopotea ni kwenye methali na matusi: mkalimani mwenye aibu huyalainisha yote. Mwambieni mapema mnataka yalivyo.

Nkuhungu_Sanaa:

Nashukuru sana, mama, na wote mliojibu. Yamebaki machache. Mwigizaji wetu ni dada wa miaka 26. Atamwigizaje mzee wa Kimaasai bila watu kuangua kicheko? Je, tukikata sentensi za katikati, bado ni maneno ya mhojiwa? Na tuweke watu wangapi ndani ya dakika 40?

mwl_tamthilia:

Watu 8 hadi 9, kila mmoja dakika 4 hadi 5. Fires in the Mirror ina watu 26, lakini inachezwa na aliyefanya kazi hii kwa miaka 10 kabla. Ili mpate 8 wanaosimama vizuri, hojini 25 hadi 30, na msihoji pande mbili tu. Mtafuteni dereva wa lori la mahindi Kibaigwa, muuguzi wa zahanati aliyeshona majeraha, mwalimu ambaye darasa limebaki nusu, dalali wa mnadani, askari wa kijiji. Katika Twilight yupo Elvira Evers, mama mjamzito wa asili ya Panama aliyepigwa risasi wakati wa machafuko. Mtoto alizaliwa akiwa hai na risasi ikiwa kwenye kiwiko chake. Mama huyo si polisi, si mwanasiasa, wala si kiongozi wa upande wowote. Watazamaji wengi wanatoka wakimkumbuka yeye.

Kuhusu dada kumwigiza mzee. Smith ameigiza wanaume na wanawake, Weusi, Wazungu, Wayahudi, Wakorea, bila kupaka uso rangi. Kwenye Fires alivaa shati jeupe na suruali nyeusi, miguu mitupu, akaongeza kitu kidogo kimoja kwa kila mtu. Kicheko kibaya kinakuja pale mwigizaji anapoanza na lafudhi. Lafudhi ya jumla ya "Mmaasai" au "Mgogo" ni ya vichekesho vya redioni, si ya mtu yeyote aliye hai. Dada asimwigize Mmaasai. Amwigize mzee huyu mmoja, anayeanza kila jibu kwa kushusha pumzi, anayesema "sasa" mara mbili kabla ya jambo zito, ambaye mkono wake wa kushoto hautulii juu ya goti. Vitu vitatu vya mwili vikishikwa barabara, sauti inafuata, na wala haina haja ya kuwa nzito. Lubega na rungu viacheni nyumbani; vinamjulisha mtazamaji mtu kabla hajafungua mdomo. Bora miwani yake iliyofungwa uzi, au namna anavyoshika simu.

Na siku zote mjaribu kipande mbele ya mtu wa jamii husika kabla ya hadhira. Smith alifanya hivyo kwa ukubwa kwenye Twilight: alikaa na washauri wa tamthilia wa asili mbalimbali, mwanaanthropolojia Dorinne Kondo, mwandishi wa habari Héctor Tobar, mshairi Elizabeth Alexander na mwongozaji Oskar Eustis, wakabishana naye nani yumo, nani hayumo, na kwa nini. Nyie wekeni Mgogo, Mmaasai na Mkaguru kwenye kiti hicho, na wapeni haki ya kusema hapana.

Kukata: mnaweza kuondoa, hamwezi kuongeza. Hata "na" moja ya kuunganishia msiiweke. Msihamishe jibu la swali moja likawa jibu la swali jingine. Na mkiondoa sentensi ambayo mtu anajipinga mwenyewe ili aonekane imara, mmemnyang'anya utu wake. Hiyo ndiyo ya kuilinda kuliko zote.

Angalizo la haki: njia hii ni ya kila mtu, maandishi yake si ya kila mtu. Mkitaka kutafsiri na kucheza kipande cha Fires au Twilight hadharani, kibali kinaombwa kwa Dramatists Play Service ya New York. Kwa kusoma mazoezini hakuna shida.

sauti_na_kinasa:

Nimalizie ya jukwaa, maana mengi huharibikia hapo.

Msichukue ukumbi mkubwa. Watu 80 hadi 100 kwenye bwalo la shule, viti nusu duara, mstari wa mwisho usizidi mita 10 kutoka kwa mwigizaji, hamtahitaji maiki. Maiki ya shingoni kwenye bwalo lenye bati na sakafu ya saruji inaleta mwangwi unaoua konsonanti, na vimya mlivyovihangaikia vinajaa muungurumo. Viwanja vya Nyerere Square viko wazi na watu wapo, ila pikipiki na honi zitawashinda. Tundikeni kanga au mablanketi kwenye kuta mbili za pembeni, mwangwi unapungua kwa kiasi cha kusikika.

Kila mtu atambulishwe. Smith huonyesha jina na kichwa cha kipande kwa maandishi ya kumulika ukutani. Kwenu umeme ukikatika projekta imekufa, na jenereta ikiwekwa karibu mnaisikia kuliko mzee. Andikeni majina kwa herufi za sentimita 15 kwenye vipande vya turubai, mtu mmoja afunue kimoja kila mwigizaji anapogeuka. Taa ziwe mbili za LED zenye betri, zikiwa juu ya usawa wa macho, pande zote mbili. Taa moja ya mbele inafuta uso.

Mabadiliko kutoka mtu hadi mtu yasizidi sekunde 8. Kitu cha mtu anayefuata kiwe tayari kwenye kiti, kwa mpangilio, na mazoezini fanyeni mabadiliko peke yake bila maneno hadi yaende gizani.

Mpangilio: msipange mkulima, mfugaji, mkulima, mfugaji. Hadhira itaanza kuhesabu magoli. Wawekeni wawili wa upande mmoja wasiokubaliana wafuatane.

Baada ya onyesho kuwe na mazungumzo, na muda wake muuhesabu kama sehemu ya kazi. Notes from the Field, ilipochezwa Berkeley na Cambridge, sehemu nzima ya kati iliwagawa watazamaji kwenye vikundi vidogo vyenye waongozaji wazungumze wenyewe, kisha Smith akarudi jukwaani kumalizia. Kwa watu 90 mnahitaji waongozaji 6, kila mmoja na watu 15, dakika 25. Mwongozaji asiulize "mmejifunza nini", hapo watatoa majibu ya risala. Aulize: nani hukumwamini, na alisema neno gani? Afisa akiwepo asipewe kipaza sauti kwanza. Na waliohojiwa watumiwe nauli ya kuja siku ya kwanza, viti vyao viwe vya pembeni karibu na mlango, ili anayetaka kutoka atoke bila kupita mbele ya watu.